Stenti ya Ubongo Hujaribiwa Kwanza Kwenye Kompyuta

Msikilizaji mmoja wa Ujiji ameniuliza: daktari anajuaje kipimo cha stenti ya kuweka ndani ya mshipa wa ubongo, ilhali hapasui kichwa?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Maji ya Mto Malagarasi yakigonga ukingo laini kwenye kona, huumega taratibu. Damu nayo husukuma ukuta wa mshipa uliodhoofika, hasa mishipa inapogawanyika, hata ukafura kama puto. Uvimbe huo huitwa aneurismu. Kati ya watu wazima 100, wapata 3 wanao, na wengi hawajui. Ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na wengi hufa.

Stenti ni kijibomba kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba za madini. Hupitishwa ndani ya mrija kutoka kinenani au mkononi hadi kichwani, kikafunika mdomo wa uvimbe. Damu hushika njia yake. Iliyomo uvimbeni hutulia na kuganda, na baada ya miezi mdomo huzibika.

Kazi ni kupata kipimo. Wavuvi wa Kibirizi wanajua: wavu ukivutwa hurefuka, lakini hupungua upana. Stenti ni vivyo hivyo. Katika mshipa mwembamba hurefuka, katika mpana hufupika. Ikiwa fupi mno, haifuniki uvimbe. Ikiwa ndefu mno, hupita mbele ya vijishipa visivyohusika.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Picha za mishipa ya mgonjwa mwenyewe hugeuzwa umbo kamili, kisha programu kama Sim&Size, ya kampuni ya Kifaransa Sim&Cure, huonyesha kila stenti itaishia wapi. Daktari hujaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila tone la damu kumwagika.

Lakini kompyuta haimwoni mgonjwa, huona picha tu. Picha ikiwa mbovu, jibu nalo ni bovu. Wala haimezi vidonge kwa niaba yetu. Aliyewekewa stenti hutumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Akitibiwa Dar es Salaam, akarudi Kigoma, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, kisha akaziacha bila ushauri wa daktari, stenti yaweza kuziba na kumletea kiharusi.

Nanyi mlio nyumbani, kichwa kikikupasua ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.