Boriti Ilale au Isimame?

Askari wengi hujengewa nyumba zao za kustaafia wakiwa mbali kazini, na anayesimama mbele ya mafundi ni mke au baba mzee. Kwa ajili ya hao twaeleza hesabu moja fupi ya boriti za dari ya ghala, mahali ambapo magunia ya mahindi hukaa juu na watoto hucheza chini.

Chukua mbao ya sentimita 5 kwa 15, iliyovuka mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Ili kujua uwezo wake wa kustahimili kupindwa, zidisha upana kwa kimo, zidisha tena kwa kimo, kisha gawanya kwa 6. Ikisimama juu ya ubavu wake mwembamba, jibu ni 187.5. Fundi akiilaza, upana huwa 15 na kimo 5, na jibu hushuka hadi 62.5. Mbao ni ile ile na bei ni ile ile, lakini theluthi mbili za nguvu zimepotea. Tena iliyolala hubonyea mara 9 zaidi.

Sasa tutafute kilo. Kwa mbao laini iliyokauka vema, tukadirie kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha 187.5 kwa 50, kisha kwa 4, ugawanye kwa 300, yaani urefu kwa sentimita. Utapata kilo 125 katikati ya boriti. Iliyolazwa haifiki hata 42, na gunia moja la mahindi lina kilo 90! Mzigo ukitandazwa sawasawa, boriti hubeba mara mbili. Lakini uzito wa mbao zenyewe na wa sakafu ya dari utolewe humo kwanza.

Jambo hili lilimshughulisha hata Galileo, mtaalamu wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1638. Alitambua sawasawa kwamba kimo ndicho chenye nguvu, ila kanuni yake ilizidisha uwezo wa boriti mara tatu. Mfaransa Antoine Parent aliisahihisha mwaka 1713.

Mwangalieni sana anayekuja baadaye kupitisha bomba. Akichonga sentimita 5 chini ya boriti, katikati, kimo hubaki 10, na zile kilo 125 huwa 55. Upande wa chini ndio unaovutwa. Kwa hiyo hata mbao yenye fundo igeuzwe, fundo likae juu. Na boriti zilizosimama zikazwe kwa vipande vya mbao kati yao, kwani boriti nyembamba isiyoshikwa hupinduka ubavu kabla ya kuonyesha nguvu zake.