Kijana Aachaye Ofisi ili Afundishe Mazoezi



Limezuka katika miji yetu jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Kijana aliyesoma, mwenye kazi ya ofisini na mshahara wa kila mwezi, huwaambia wazazi wake kwamba ataka kuiacha kazi hiyo ili awe mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mama hushika kichwa, baba hunyamaza, na jirani hucheka. Husemwa, "Tumemsomesha miaka yote hii ili akawarukishe watu kiwanjani?" Kijana naye huona kuwa wazee hawamfahamu, akaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira. Baada ya miezi mitatu kodi ya nyumba haijalipwa, na waliocheka huona kuwa walisema kweli.

Sisi hatupendi kumcheka kijana, wala hatupendi kumdharau mzazi. Twaona kwamba kila mmoja ana sehemu yake ya haki. Kijana ana haki anaposema kuwa kazi hii ni kazi, na mzazi ana haki anapouliza nyumba italishwa na nini. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Je, hii ni kazi ya kweli?

Tuanze na swali la mzazi. Kazi ya halali ni ile yenye manufaa kwa watu, na manufaa ya mazoezi yamejulikana kwa vipimo, si kwa maneno matupu. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva hukaa kitini kutwa nzima. Kondakta wa basi lile lile alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku akikata tikiti. Wote wawili walikuwa wa mji mmoja na mwajiri mmoja, lakini maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Vivyo hivyo, makarani wa posta waliokaa mezani waliugua moyo zaidi kuliko wenzao waliozunguka mitaani wakigawa barua.

Sasa na tujitazame wenyewe. Babu zetu walikuwa makondakta, nasi tumekuwa madereva. Walilima, walivuta nyavu, walibeba mizigo bandarini, na walikwenda sokoni kwa miguu. Sisi twaketi ofisini kutwa, twapanda gari mpaka mlangoni, na jioni twaketi tena mbele ya televisheni. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi ambayo zamani hayakutajwa sana mitaani kwetu, leo yana jina katika kila ukoo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli si chini ya siku mbili kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano. Hata hivyo wengi wetu hatuzitimizi, na sababu si kuwa hatujui, bali hatuna wa kutushika mkono na kutuongoza. Dini yetu imetufundisha kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Amsaidiaye mwenzake kuitimiza haki hiyo hafanyi mchezo.

Mifano miwili kutoka Marekani

Kijana atasema, "Basi niache kazi kesho." Hapana. Na atazame kwanza jinsi waliofanikiwa walivyoondoka.

Dokta Kenneth Cooper alikuwa daktari katika Jeshi la Anga la Marekani, kazi yenye cheo na mshahara wa hakika. Akiwa humo alichunguza pumzi na moyo wa askari, akatunga kipimo cha kukimbia au kutembea kwa dakika 12, kipimo ambacho hata leo hutumiwa na walimu wa michezo duniani kote. Mwaka 1968 alitoa kitabu chake, Aerobics, kilichosomwa na watu wengi mno. Ndipo mwaka 1970 alipoacha jeshi, akahamia Dallas, na kufungua kliniki yake ya kuzuia maradhi kwa mazoezi. Kutokana na watu waliopimwa hapo, mwaka 1989 ulitolewa uchunguzi wa wanaume na wanawake 13,344 waliofuatiliwa kwa muda wa miaka 8 hivi. Ulionyesha kwamba wasio na nguvu za mwili walikufa zaidi, na kwamba hata kutoka katika udhaifu mkubwa hadi nguvu za wastani tu kuna faida kubwa.

Mfano wa pili ni wa mwanamke, Robin Arzón wa New York. Alikuwa mwanasheria wa makampuni kwa muda wa miaka saba hivi. Alianza kukimbia angali akisoma sheria, akaendelea kukimbia masafa marefu wakati wa kazi yake, na mwaka 2012 akaiacha sheria. Ilipita miaka miwili ya kuandika na kuhangaika kabla hajapata mwaka 2014 nafasi ya kufundisha katika kampuni ya Peloton, ambayo huwafikishia watu mafunzo ya baiskeli za mazoezi majumbani mwao. Mwaka huo huo aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, maradhi yanayomtaka mgonjwa atumie insulini maisha yake yote. Hakuacha kazi, bali alijifunza kuishi na maradhi huku akifundisha.

Watu hawa wawili hawakufanana, lakini mwenendo wao ni mmoja. Kazi mpya ilikwisha kuota mizizi kabla ya ile ya zamani kukatwa. Cooper alijulikana kabla hajaondoka, na Arzón alikwisha kukimbia kwa miaka mingi. Na hata baada ya kujitayarisha hivyo, mlango haukufunguka siku ya pili.

Amana ya viungo vya watu

Wako vijana wanaodhani kwamba mwenye kifua kipana amekwisha kuwa mwalimu. Hili ni kosa la hatari. Uzuri wa mwili wake ni ushahidi kwamba ameujua mwili wake mwenyewe, si kwamba aujua mwili wa mama wa miaka 55 mwenye goti bovu. Mwanafunzi anapomjia, humkabidhi moyo wake, mgongo wake na viungo vyake. Hiyo ni amana, na amana ina masharti.

Kwanza, aulize kabla hajafundisha. Je, mtu huyu ana shinikizo la damu? Hutumia dawa gani? Amewahi kupasuliwa? Ni mjamzito, au amejifungua karibuni? Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini aweza kushukiwa na sukari katikati ya mazoezi, akatetemeka na kuanguka. Mwalimu asiyejua jambo hili, wala hana kitu kitamu karibu cha kumpa, hafai kumsimamia. Mtu akisikia maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au pumzi kumbana kupita kiasi, mazoezi husimamishwa pale pale, na mtu huyo hupelekwa kwa daktari.

Pili, asome. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha elimu ya michezo na mazoezi, na masomo mafupi ya huduma ya kwanza hupatikana katika miji mingi. Asiyeweza kuingia chuoni na aanze kama msaidizi chini ya mwalimu mzoefu.

Tatu, aseme kweli. Asimwahidi mtu kwamba tumbo litaondoka kwa siku saba. Asiuze dawa za kutunisha misuli, ambazo hudhuru moyo na ini na huweza kuharibu uzazi wa mwanamume. Fedha ya namna hiyo huingia haraka, nayo huondoka na jina jema la mtu.

Hesabu ya nyumba

Tufike sasa mahali ambapo wengi huanguka. Tuseme kijana wetu hupata shilingi 900,000 kwa mwezi. Hujiambia, "Nikipata wanafunzi 15, kila mmoja akalipa 60,000, nimekwisha kuupata mshahara wangu." Hesabu hii yapendeza masikioni, lakini imesahau saa.

Wanafunzi wake ni watu wa kazi. Hawawezi kuja saa nne asubuhi. Huja saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 11 hadi saa 12 jioni kabla ya Magharibi, na pengine saa moja baada ya Isha. Hizo ni saa 4 kwa siku, yaani saa 24 kwa siku sita. Ikiwa kila mwanafunzi ataka kufundishwa peke yake mara tatu kwa wiki, saa hizo zatosha watu 8 tu. Watu 8 ni shilingi 480,000, tena kabla ya nauli, vifaa na kodi ya mahali.

Kwa hiyo hana budi kufundisha kwa makundi. Akiwa na makundi 4 ya watu 6, kila mmoja akilipa 40,000, atapata 960,000 kwa saa 12 za wiki. Saa 12 zilizobaki zatosha watu 4 wa peke yao, nao watamletea 240,000. Jumla ni 1,200,000. Akitoa gharama za 300,000, ndipo anapoufikia mshahara wake wa zamani. Watu wanaohitajika basi si 15, ni 28.

Wala hajamaliza. Ofisini alilipwa hata alipougua na alipokuwa likizoni; sasa siku asiyofundisha ni siku asiyolipwa. Mwezi wa Ramadhani saa hubadilika, na baadhi ya wanafunzi hupumzika. Bima ya matibabu ya watoto sasa ni juu yake. Kwa sababu hiyo twashauri awe na akiba ya matumizi ya nyumba ya miezi sita, na asiondoke akiwa na deni linalokatwa katika mshahara, kwani deni halijui kwamba mwenyewe amebadilisha kazi.

Akina mama na binti zetu

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo haijajazwa, nayo ni ya wanawake. Wake zetu na mama zetu wengi hawaendi mazoezini, si kwa uvivu, bali kwa sababu hawana mahali pa sitara wala mwalimu wa kike. Mama huyu yu tayari kulipa, lakini hataki kutazamwa. Binti aliyesoma kazi hii vizuri, akapata ukumbi uliofungwa au hata ua wa nyumba, na akachagua saa ambazo watoto wako shuleni, atapata wanafunzi ambao mwalimu wa kiume hawezi kuwapata, tena katika saa ambazo wenzake hukaa bure. Baba anayemzuia binti yake kwa kudhani kuwa mazoezi ni mambo ya wanaume, na akumbuke ni wanawake wangapi wa ukoo wake wanaougua shinikizo la damu.

Kuondoka kwa wema

Hesabu ikikubali, basi kijana na aondoke kwa adabu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zataka notisi ya siku 28 kwa mwenye kulipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba uwe umetaja muda mrefu zaidi. Akabidhi kazi kwa maandishi. Asifundishe wanafunzi wake katika saa za mwajiri, maana saa hizo amekwisha kuziuza. Wenzake wa ofisini huenda wakawa wanafunzi wake wa kwanza, lakini hawatamfuata mtu waliyemwona akidanganya kazini.

Shauri letu kwa kijana ni hili. Fundisha mwaka mmoja kabla hujaacha kazi, alfajiri na mwisho wa wiki. Anza na watu watano wa mtaa wako. Andika katika daftari nani alikuja, nani aliacha, na kwa nini. Mwaka ukiisha, tazama kama watu hukujia wenyewe kwa kuambiwa na wenzao. Ikiwa bado wawavuta kwa kuwabembeleza, wakati haujafika. Na kama umeoa au umeolewa, weka daftari hilo mbele ya mwenzako kabla ya kuandika barua yoyote, kwani njaa ikija hamtaigawana kwa vyeo.

Kwa mzazi twasema, usimkatalie mwanao kwa neno moja. Mwambie, "Nionyeshe daftari." Kama lina watu na lina hesabu, mpe radhi zako. Kama halina kitu, atajionea mwenyewe bila ya ugomvi. Tena wengine wataona kwamba yafaa kubaki na kazi zote mbili, na hilo si aibu wala si kushindwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu riziki ya halali na subira ya kuitafuta, na atupe sote afya ya kuitumia.