Mapito ya Paa: Tabia za Swala Wadogo wa Arabuko-Sokoke na Elimu ya Wasasi

Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna ayala wa asili, yaani yule mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika ambaye pembe zake zenye matawi hudondoka kila mwaka na kuota upya. Nafasi yake katika misitu ya Afrika imeshikwa na swala wa namna nyingi, ambao pembe zao hazina matawi wala hazidondoki hadi kufa kwao. Kwa mkazi wa Malindi au Kilifi, basi, elimu ya kumtafuta na kumnyatia mnyama mla majani mwenye kwato ni elimu ya paa na jamaa zake, na chuo chake kikuu ni Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ulio nyuma ya Gede na Watamu, ambao ndio kipande kikubwa kuliko vyote cha msitu wa asili wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki.

Wanyama wanaohusika ni wadogo kuliko wengi wanavyodhani. Paa wa kawaida wa msitu huu, ambaye wataalamu humwita suni, ana uzito wa kilo nne au tano tu, na chesi, mwenye rangi ya kijivu, hamzidi sana. Funo, mwekundu na mnene zaidi, hufikia kilo kumi na tano hivi, naye kulungu, mkubwa kuliko hao wote, huonekana kwa nadra. Katikati yao yumo nunga, mnyama wa kilo kati ya saba na kumi na mbili, mwenye manyoya ya hudhurungi iliyokolea wekundu, mkanda mweupe makalioni na madoa meupe miguuni, ambaye duniani kote hapatikani ila katika misitu ya pwani ya Kenya na kisiwani Unguja, na ambaye jina lake la kisayansi linamuenzi Aders, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20.

Jambo moja katika tabia za wanyama hawa linatangulia mengine yote, nalo ni uaminifu wao kwa mahali. Paa hatangitangi msituni. Ana himaya, yaani eneo dogo analolijua kichaka kwa kichaka na kulilinda dhidi ya wa jinsi yake, na ndani ya himaya hiyo hupita katika vijia vilevile kila siku, vyembamba kama upana wa kiganja, vinavyopenya chini ya matawi ambayo mtu hawezi kuyapita ila kwa kutambaa. Mbele kidogo ya kila jicho ana tezi inayotoa ute mweusi wenye harufu kali, ambao huupaka kwenye ncha za vijiti pembezoni mwa eneo lake, na kinyesi chake cha punje ndogondogo hukiacha mahali pamoja mara kwa mara hadi kikawa lundo. Kwa mpita njia alama hizi si kitu, lakini kwa anayejua kuzisoma ni mipaka iliyo wazi, na punje zinazong'aa kwa unyevu humwambia kuwa mwenye mahali hayuko mbali.

Saa nazo zina utaratibu wake. Suni hutoka zaidi jioni na usiku, ilhali nunga na chesi hula mchana, hasa asubuhi na alasiri, na jua linapokuwa kali hujilaza mafichoni ili kucheua, yaani kurudisha kinywani chakula walichokimeza kwa haraka na kukitafuna upya. Chakula chenyewe aghalabu huanguka kutoka juu: majani, maua na matunda yaliyodondoshwa na kima na ndege, kwa kuwa kima huonja tunda, akatupa nusu yake na kushika jingine, na chini ya mti huo nunga na chesi huja kuokota. Ndiyo maana msasi mzoefu, kabla ya kutazama chini, husikiliza juu, kwani kundi la kima linalokula kwa utulivu ni dalili njema kuliko nyayo nyingi za jana.

Nyayo zenyewe hutegemea udongo. Upande wa mchanga mweupe, ambako miti ya mrihi husimama kwa nafasi, ukingo wa alama ya kwato hubomoka upesi, kwa hiyo alama kali ni alama mpya. Upande wa udongo mwekundu, wenye vichaka vizito, alama iliyokanyagwa baada ya mvua hukauka na kudumu, ikamdanganya asiye mwangalifu. Kisha kuna upepo, ambao pwani hii huvuma kwa kusi katikati ya mwaka na kwa kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, lakini chini ya miti huzungukazunguka, na mnyama anayetegemea pua humtambua mtu kabla ya kumwona. Kumkaribia paa kwahitaji kukaa upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwa mtu, na kuvumilia, kwa sababu suni anaposhtuka hasa hakimbii kwanza. Huganda akiamini rangi yake, na huruka tu hatari ikiwa imemfikia miguuni.

Wawata, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu, waliikuza elimu hii hadi kuwa sanaa, wakiwinda kwa upinde mrefu na mishale ya sumu iliyopikwa kwa mti wa msunguti hadi ikawa lami nyeusi. Sumu hiyo huushambulia moyo, na kwa kuwa hupoteza nguvu ikikauka, kichwa cha mshale kilifungwa kwa ngozi nyembamba hadi saa ya kutumika. Kwa silaha kama hiyo mwindaji alilazimika kumwona mnyama wake, kumpima kwa macho na kumchagua, kisha kumfuata.

Tanzi la waya halina sharti hilo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtegaji huhitaji kujua kijia tu: hupanga matawi makavu yakawa uzio mfupi, huacha penyo hapa na pale, na katika kila penyo huweka kitanzi kilichofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, ambao hufyatuka mnyama anapokigusa. Kitanzi hakimtofautishi nunga na suni, dume na jike lenye mimba. Hukaa kikingoja hata mtegaji akiwa amelala, na mnyama asipochukuliwa huoza bure. Kurunzi nayo hutumia udhaifu mwingine, kwa kuwa nyuma ya jicho la paa kuna utando unaorudisha mwanga ili aone gizani, na utando huohuo humfichua kwa kumetameta usiku, naye akiangaziwa huganda palepale. Uaminifu kwa mahali uliomlinda paa dhidi ya chui kwa vizazi vingi umekuwa ndio chambo chake, na hilo ni la kusikitisha kweli.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha uwindaji wa starehe, wa kitoweo na wa biashara ya nyamapori. Hata hivyo mitego haikuisha, kwa maana msitu umezungukwa na vijiji vya wakulima ambako mavuno hayatoshi na nyama ya dukani ni ghali. Utafiti wa Clare FitzGibbon na wenzake kuhusu uwindaji wa kitoweo katika msitu huu, uliochapishwa mwaka 1995, ulitazama uwindaji huo kwa mizani ya uzazi wa wanyama wenyewe, na mizani hiyo haiwapendelei swala hawa, kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, wala pengo lake halizibwi upesi.

Elimu ya wasasi imepata kazi nyingine. Watafiti wanaotega kamera, ambazo hupiga picha zenyewe kiumbe chenye joto kinapopita, huzifunga chini karibu na usawa wa bega la mnyama, kando ya vijia vilevile ambavyo mtegaji angevichagua, na kwa njia hiyo kundi kubwa la nunga, ambalo wataalamu hawakulitarajia, lilithibitishwa katika misitu ya Boni na Dodori, kaskazini mwa Lamu. Katika Arabuko-Sokoke askari wa Shirika la Wanyamapori na vijana wa vijiji jirani hutembea kwa mstari wakisaka tanzi, na anayeziona kwanza mara nyingi ni yule aliyelelewa na baba mtegaji, kwa sababu jicho lake halitafuti waya, ambao hauonekani, bali mti mchanga uliopinda pasipo upepo wala mzigo. Waya hukatwa na kubebwa, kisha uzio wa matawi nao hubomolewa na kutawanywa wote, kwa kuwa ukiachwa umesimama utaendelea kuwaelekeza paa kwenye penyo lilelile, na mtegaji hatahitaji ila waya mwingine.