Fainali ni Safari (2): Wagosi Wapanda Arusha

Makala iliyopita iliishia pale Kombe la Shirikisho lilipofufuliwa msimu wa 2015/16. Leo ni zamu ya wanaopanda basi.

TFF imekuwa ikiizungusha fainali mikoani: Dodoma mwaka 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021. Shabiki wa Simba au Yanga haimsumbui. Matawi yao yametapakaa nchi nzima. Akishuka stendi anapokewa na wenzake. Wa timu ndogo ana jezi, kiti cha basi na nauli ya kuchangishana kijiweni. Waliotoka Iringa kuifuata Lipuli hadi Uwanja wa Ilulu, Lindi, walifungwa na Azam 1-0, kisha wakaianza upya safari ile ile ya kurudi Nyanda za Juu.

Mwaka 2022 fainali ikarudi Arusha, na aliyesimama mbele ya Yanga alikuwa Coastal Union ya Tanga, Wagosi wa Kaya. Njia yao ni zaidi ya kilomita 400: Muheza kwenye machungwa, Segera, Korogwe, Mombo, halafu milima ya Usambara na ya Upare inakusindikiza mkono wa kulia karibu mpaka Moshi. Ubingwa wao wa Bara ni wa mwaka 1988. Kijana wa miaka 30 ameusikia kwa baba na wajomba tu, tena kila mmoja anausimulia kivyake. Yanga, kwa upande wao, walikuwa wametoka kumaliza ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Julai 2, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Abdul Suleiman 'Sopu' akawatanguliza Wagosi. Feisal Salum akasawazisha, Heritier Makambo akaipa Yanga la pili, na pengine wapo waliokwishaanza kutafuta mlango wa kutokea. Wangekosa mengi. Sopu akasawazisha dakika za mwisho, kisha katika muda wa nyongeza akafunga la tatu: mabao matatu ya mtu mmoja, kwenye fainali, dhidi ya Yanga! Denis Nkane akaifanya 3-3. Kwenye penalti Yanga wakashinda 4-1.

Kombe likaenda Jangwani. Hadithi ya Sopu ikarudi Tanga na mabasi, ingawa mwenyewe hakukaa: msimu mpya ulimkuta Azam, na Septemba kocha wao Juma Mgunda akaitwa Simba.

Wapo walioshindwa wakapata. Namungo, timu ya Ruangwa, ilivuka nchi hadi Sumbawanga mwaka 2020 ikafungwa na Simba 2-1. Lakini Simba tayari walikuwa mabingwa wa ligi, wenye tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, hivyo nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikawaangukia Namungo. Wakafika makundi, kundi moja na Raja ya Casablanca.