Kengele ya Kisauni

Ukipanda matatu pale mjini Mombasa ukavuka daraja la Nyali, haichukui muda utamsikia makanga akigonga bodi ya gari na kuuliza, "Kengeleni! Kuna wa Kengeleni?" Atashuka mama na kapu lake la sokoni, watashuka wanafunzi wawili watatu, na gari litaondoka. Wengi wanaoshuka pale kila siku hawainui macho kuitazama kengele yenyewe. Lakini ipo. Inaning'inia kwenye mnara wake kando ya barabara, kimya, huku pikipiki na tuktuk zikiipita.

Mimi kila nikipita huitazama, na leo nataka nikueleze kwa nini. Nakueleza wewe uliyemaliza shule juzi na hujui uanzie wapi. Nakueleza wewe unayejifunza ushonaji kwa fundi, vidole vimejaa matundu ya sindano, na jioni unajiuliza kama kweli hii ndiyo njia yako. Kaa vizuri. Hadithi yenyewe ni ya kweli.

Mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa. Soko likafungwa, lakini biashara haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kusafirisha watu kwa siri, usiku, na manowari za Kiingereza zikawa zinayafukuza baharini. Manowari ilipolikamata jahazi, watu waliokuwa wamebanwa chini, wamelaliana kama magunia, walitolewa mmoja mmoja hadi juani.

Hebu fikiria kijana wa umri wako akitolewa hivyo. Macho yanamuuma kwa mwanga. Watu wanaozungumza lugha asiyoijua wanampa maji na kumwambia kwa ishara kwamba sasa yuko huru. Sawa, yuko huru. Aende wapi? Kijiji chake kiko bara, mwendo wa miezi, na huenda kilichomwa siku aliyochukuliwa. Njia ya kurudi haijui, na akiifuata anaweza kukamatwa tena na kuuzwa upya. Uhuru alipewa, pa kuuweka hakupewa.

Ndiyo sababu ya Freretown. Shirika la misheni la Kianglikana la CMS lilimtuma Mchungaji William Salter Price, akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na ardhi ikanunuliwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni. Mwaka 1875 kijiji kikaanza, kikapewa jina la Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kuzungumza na Sultani habari za kukomesha biashara ile. Manowari zikaanza kuwashusha watu pale, mamia yao: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, watu wasioelewana lugha, waliokutanishwa na mnyororo tu.

Karibu na pale palikuwa na kaburi. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa na mkewe Rosina. Miezi michache tu ikapita, Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Krapf aliwazika upande huo wa bara. Mtu mwingine angefunga mizigo. Yeye aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile walihesabu kuwa alama ya kazi kuanza. Nikiwa kijana sikumwelewa. Niliona ni maneno ya mtu aliyekufa ganzi. Baadaye nilipozika wangu na kesho yake ikanibidi niamke niende kazini, nilianza kumwelewa.

Turudi Freretown. Waliofika walipewa mahali pa kujenga na kipande cha shamba. Ukisoma haraka utasema, basi, mambo yakawa mazuri. Simama kidogo hapa. Ukimpa jembe mtu aliyetoka utumwani, unampa nini? Jembe analijua. Ameliona mikononi mwa watu waliolima huku wamesimamiwa na mwenye fimbo, jua linawachoma na mavuno si yao. Sasa anaambiwa alishike tena, na kwamba safari hii ni habari njema. Ningekuwa mimi, ningelitupa mtoni.

Kwa hiyo swali kubwa la Freretown halikuwa chakula wala nyumba. Lilikuwa hili: mtu aliyelazimishwa kufanya kazi atajifunzaje kuipenda kazi? Nani atamwambia akaamini?

Mzungu hakuweza kumwambia, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Waliomwambia ni watu wengine, na hao ndio ninaowapenda zaidi katika hadithi hii. Miaka mingi kabla ya Freretown, watoto waliokombolewa baharini walikuwa wakipelekwa India. Karibu na mji wa Nasik palikuwa na shule ya misheni, Price mwenyewe aliwahi kuisimamia, na huko watoto wa Kiafrika walisoma Biblia na vitabu vingine, na walijifunza kazi za mikono: uhunzi, useremala na nyinginezo. Walikua, wakaoana, wakabatizwa kwa majina ya Kizungu. Freretown ilipoanza, wengi wao walirudishwa pwani hii wakawa walimu, mafundi na wasaidizi wa kanisa. Waingereza waliwaita Waafrika wa Bombay.

Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya mmisionari David Livingstone kutoka bara hadi pwani mwaka 1873 na 1874. Baada ya safari ile iliyozungumzwa dunia nzima alirudi kuishi maisha ya mfanyakazi wa kawaida, akafa Mombasa mwaka 1935, mzee sana.

Sasa nione macho yako hapa. Mtumwa aliyeshuka jana kutoka manowari ameketi kwenye karakana ya mhunzi. Moto unawaka, mivukuto inapumua, na aliyeshika nyundo ni mtu mweusi kama yeye. Mhunzi anachomoa chuma chekundu, anakigonga, anakigeuza, anakigonga tena, na kidogo kidogo lile donge linapata bapa na linapata ncha. Linakuwa jembe. Mgeni anatazama mikono ya mhunzi, kisha anatazama vifundo vya miguu ya mhunzi huyo, kama vina makovu ya pingu. Sikuambii kwamba ninayo barua ya siku hiyo, nakuchorea tu. Lakini hilo ndilo lililowezekana pale: mtu aliyejua pingu kumfundisha mwenzake kwamba chuma kilekile kilichokuwa mnyororo kinaweza kutiwa motoni kikawa kitu cha kulimia shamba lako mwenyewe.

Huko ndiko imani ilikoingia kazini. Kanisani aliambiwa kwamba Mungu alimfahamu kabla hajawahi kuwa na bei. Akitoka kanisani akakuta maneno yale yakithibitishwa kwenye karakana na shambani, au akakuta yakikanushwa. Maana yalikanushwa pia, na sitakuficha. Katika miaka ya mwanzo msimamizi mmoja wa kijiji aliwachapa watu viboko na kuwafunga, mpaka habari zikafika kwa Waingereza wa Zanzibar, zikachunguzwa na mtu huyo akaondolewa. Viboko, katika kijiji cha watu waliotoka viboko! Asubuhi wanasali pamoja, mchana mtu anafungwa. Nakwambia haya kwa sababu na wewe siku moja utafanya kazi chini ya mtu anayelitaja jina la Yesu kila asubuhi, na mchana anamdhulumu mfanyakazi. Usidhani Mungu ndiye aliyeshika kiboko. Walioachwa na makovu pale Freretown waliendelea kusali, na naona sala yao ilikuwa na uzito kuliko ya aliyewapiga.

Na kengele? Kengele iliwaita ibadani. Wazee husimulia pia kwamba ilipigwa kwa haraka kila hatari ilipoonekana, maana wenye watumwa hawakupendezwa na kijiji kile, na kulikuwa na vitisho kwamba watakuja kukibomoa. Sauti ileile ya chuma, mara inakuita usali, mara inakuita ukimbie au usimame na wenzako. Mtoto aliyezaliwa pale alijifunza kuitofautisha milio kama wewe unavyoutambua mlio wa simu ya mama yako.

James Mbotela, mtoto wa mmoja wa hao waliokombolewa, alikuja kuiandika habari yao kwa Kiswahili katika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934. Kitafute.

Nina mtu mmoja zaidi wa kukuonyesha. Anaitwa William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa India, na mwaka 1864, kabla hata Freretown haijawepo, alirudishwa pwani kumsaidia Johannes Rebmann kule Rabai, bara kidogo kutoka Mombasa. Rebmann alikuwa mmisionari aliyekaa Rabai miaka na miaka, macho yakififia, waumini wakihesabika kwa vidole. Hapo ndipo Jones alipoanzia: kituo kidogo na mzee anayepoteza macho. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na mwenzake Ishmael Semler wawe mashemasi, palepale Freretown. Miezi michache baadaye askofu akaondoka na msafara wa watu zaidi ya 200 kwenda Uganda, na Jones akiwa msaidizi wake. Walipofika nchi ya Mumias, askofu alitangulia na wapagazi 50 tu, akamwachia Jones waliobaki. Jones akasubiri. Siku zikapita, wiki zikapita. Kisha wakaja watu wachache waliookoka wakasema askofu ameuawa huko Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, pamoja na karibu wote waliofuatana naye.

Fikiria mzigo huo. Shemasi wa miezi michache tu. Bosi wake amekufa. Watu wanalia, wengine wanataka kutoroka, na nyumbani ni mwendo wa miezi kupitia nchi zenye njaa na vita. Hakuna barua ya maagizo. Jones aliukusanya msafara, akaugeuza, akaurudisha. Mwezi wa Februari 1886 watu wa Rabai waliuona ukija umechoka, mbele yake bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja: Ikabodi. Ni jina la yule mtoto katika Samweli wa Kwanza aliyezaliwa siku ya msiba, maana yake utukufu umeondoka.

Nampenda Jones kwa bendera ile. Hakujifanya kwamba yote ni sawa. Sisi tukifeli jambo, wenzetu kanisani hutuambia haraka tuseme tumeshinda kwa imani. Yeye alishona msiba wake kwenye kitambaa akaubeba juu mbele ya macho ya watu, na huku miguu yake ikiendelea kwenda na watu wake wakifika nyumbani.

Kisha akarudi kazini. Kazi ya Rabai wakati huo ilikuwa na siri nzito: watoro. Watumwa waliowakimbia mabwana zao mashambani walikuwa wakiingia Rabai usiku na kujichanganya na watu wa misheni. Wakuu wa misheni walikuwa wamewaahidi wenye watumwa kwamba hawatawapokea. Lakini Rabai iliendelea kuwapokea, na Jones alikuwa mmoja wa waliolaumiwa kwa hilo. Angefanyaje? Mtu anagonga mlango usiku akitetemeka, na wewe uliwahi kuwa yeye.

Mwaka 1888 mambo yakachacha. Wenye watumwa walikuja juu na kutishia vita. Mwisho George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa utawala wa pwani, alikubaliana nao kulipa fidia, riale 25 kwa kila mtu. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1889, watu walikusanyika Rabai wakapewa hati zao za uhuru. Walikuwa kama 1,400. Waliitwa kwa majina, mmoja mmoja, kila mtu akashika karatasi yake. Wengi hawakuweza kuisoma. Waliishika hivyohivyo kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea sakramenti.

Januari kwetu pwani ni kaskazi. Upepo mkavu, ardhi ngumu kama sahani, majani ya mihogo yamejikunja kwa jua. Mvua ya masika bado miezi miwili au mitatu. Ndiyo miezi ya kufyeka, kung'oa visiki na kuchoma takataka, ili mvua ikianguka ikute shamba liko wazi. Ukichelewa kufyeka, mwaka umekupita.

Tarehe 1 walipewa hati. Tarehe 2 iliwakuta na karatasi imefichwa mahali salama ndani ya nyumba, na nje kichaka kinasubiri.