'-eupe' si Rangi Tu

Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu akikutana na kanzu nyeupe hadithini, aghalabu huandika upesi: 'Nyeupe inaashiria usafi.' Alama hupotea hapo.

Hebu tuutazame mzizi wenyewe. Katika ngeli za mahali, -eupe huiacha rangi kabisa. Peupe ni mahali pa wazi, pasipo kificho. Ndiyo maana husemwa, 'Aliiba mchana peupe.' Kukipambazuka, watu husema kumekuwa kweupe. Kinachorejelewa ni mwanga unaomwezesha mtu kuona. Kwa maoni yetu, hapa ndipo maana ya kitamathali inapochipuka: mwenye moyo mweupe hana hila anayoificha. Usafi unaosemwa ni tawi tu la uwazi huo.

Kuhusu watu, tahadhari. 'Mtu mweupe' huweza kuwa Mzungu, au Mwafrika ambaye ngozi yake si nyeusi sana. Muktadha ndio uamuao. Nayo 'nyeupe pe' ni tanakali inayotilia mkazo rangi yenyewe, basi.

Kwa hivyo, mwandishi anapomvika mhusika nguo nyeupe, mwalimu awaulize wanafunzi: anaivaa lini, na mbele ya nani? Bwana harusi wa pwani huivaa kanzu hiyo kwa sherehe. Maiti wa Kiislamu huvikwa sanda, nayo ni nyeupe vilevile. Akiivaa tapeli anayewapora waumini wake, hicho ni kinaya, na jibu la 'usafi' litakuwa limemtetea mwizi.