Yusuf: Jina la Kiibrania Katika Nyumba za Waislamu

Katika haki alizonazo mtoto juu ya baba yake, mojawapo ya zile za mwanzo ni kupewa jina jema. Haki hii humfikia kabla hajajua kusema, na ikipotea, yeye ndiye atakayeibeba hasara yake umri wake wote.

Siku hizi wazazi wengi vijana hutujia sisi walimu wa vyuo kutaka shauri la majina. Baadhi yao huja na majina waliyoyaokota katika simu, matamu masikioni, lakini ukiwauliza maana yake hawaijui. Wengine wameingiwa na shaka ya namna nyingine: wamesikia kuwa Yusuf ni jina la Mayahudi, basi wanaogopa kumpa mtoto wao, na wako hata wanaotaka kumbadilishia yule ambaye amekwisha kuitwa hivyo. Tena wako vijana wenye jina hili ambao wakifika kazini hujiita Joseph, wakidhani kuwa hilo ndilo la watu waliostaarabika. Yote haya asili yake ni kutojua. Kwa hivyo tumeona tulieleze jina hili, lilikotoka na lilikofika.

Asili yake na maana yake

Ni kweli kuwa Yusuf ni jina la Kiibrania, wala hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Waibrania hulitamka Yosef, na limetokana na neno lao lenye maana ya kuongeza. Basi maana yake ni "Ataongeza", yaani Mwenyezi Mungu ataongeza. Kitabu cha Mwanzo, katika mlango wake wa 30, kinaeleza kuwa Raheli, mke wa Nabii Yaaqub (A.S.), alikaa muda mrefu bila ya mtoto na huku mwenziwe anazaa. Alipojaaliwa mwana alishukuru kuondolewa aibu yake, kisha akaomba aongezewe mwana mwingine. Katika Kiibrania, neno la kuondoa na neno la kuongeza yanakaribiana sana kwa sauti. Basi jina hili moja likakusanya mawili: shukrani kwa lililopita na dua kwa lijalo. Na dua ile ilijibiwa, kwani baadaye alizaliwa Binyamini.

Walikuwako waliotaka kulifanya jina hili kuwa la Kiarabu, wakalinasibisha na neno asaf, yaani majonzi, kwa ajili ya huzuni ya baba yake. Lakini Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria (1144), aliikataa kauli hiyo katika tafsiri yake al-Kashshaf. Hoja yake ni ya nahau, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuipima mwenyewe: lingekuwa jina la Kiarabu lingepokea tanwini. Tazama aya ya 7 ya Sura Yusuf: husomwa "fii Yusufa", kwa fatha na bila ya tanwini. Hiyo ndiyo alama ya jina geni, kama Ibrahim, Ishaq na Yaaqub.

Wala ugeni huo haukulipunguzia utukufu. Jina hili limetajwa mara 27 katika Qurani: mara 25 katika sura yake yenye aya 111, mara moja katika Sura al-An'aam, na mara moja katika Sura Ghafir.

Mtume (S.A.W.) alilitoa mwenyewe

Anayesema kuwa jina hili halitufai na alisikilize hili. Abdullah bin Salam (R.A.) alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Mayahudi wa Madina, naye akasilimu. Jina lake la zamani lilikuwa Huswain, na Mtume (S.A.W.) akambadilishia, akamwita Abdullah. Alipopata mtoto mwanamume, Mtume (S.A.W.) alimpakata mtoto yule, akampapasa kichwa chake, na akamwita Yusuf. Habari hii ameisimulia Yusuf huyo mwenyewe, na Imam Bukhari ameiweka katika al-Adab al-Mufrad.

Basi mzazi mwenye shaka na alipime jambo hili. Jina la baba, la Kiarabu, lilibadilishwa. Na mwana akapewa la Kiibrania. Kama lugha ndiyo ingekuwa kipimo, mambo yangekuwa kinyume. Na Mtume (S.A.W.) alimwita mwanawe mwenyewe Ibrahim. Manabii wa Bani Israil ni manabii wetu pia, na majina yao hatukuyaazima kwa mtu.

Kuenea kwake

Waislamu walilipokea kwa mikono miwili. Salahuddin al-Ayyubi, aliyeikomboa Baitul Muqaddas mwaka 1187, jina lake hasa lilikuwa Yusuf bin Ayyub. Salahuddin ni lakabu tu. Pia ilikuwa desturi kwa mwenye jina la Yaaqub kupewa kuniya ya Abu Yusuf, kama Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 Hijria (798).

Huko Ulaya jina lilipitia Kigiriki na Kilatini, likawa Giuseppe kwa Wataliani, José kwa Waspania na Wareno, na Joseph kwa Waingereza na Wafaransa. Marekani lilikuwa miongoni mwa majina ishirini ya mwanzo ya wavulana karne nzima ya 20. Uturuki katika miaka ya karibuni ni miongoni mwa yanayoongoza. Na huko Israeli limekuwa katika safu za mbele kwa sababu Mayahudi na Waarabu wote hulitumia, na kwa herufi za Kiibrania Yosef na Yusuf huandikwa sawasawa.

Katika pwani yetu pia lina historia. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa na Wareno utotoni mpaka Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1631 aliwaasi, akaitwaa ngome yao, akaurudia Uislamu na jina lake. Damu nyingi ilimwagika siku zile, na hiyo siyo tunayoisifu. Tunachotaka kijana akione ni kuwa miaka yote ya ugenini haikuweza kumsahaulisha mtu jina aliloitwa na baba yake.

Nasaha

Enyi wazazi, msimpe mtoto jina mkamnyima kisa chake. Mwelezeni Yusuf wenu kuwa mwenye jina hili alipewa uzuri mkubwa, na juu ya hivyo akachagua jela kuliko zinaa. Aliaminiwa ghala za Misri, akawawekea watu akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Na ndugu zake waliomtupa kisimani walipokuja kwake hali wamedhalilika, aliwasamehe bila ya kuwalaumu.

Nawe kijana uitwaye Yusuf, huna haja ya kujificha nyuma ya Joseph. Mwenzako anayeitwa Joseph mheshimu, kwani ni wajina wako. Lakini wewe itika kwa lako. Ndani yake mna dua ya mama aliyengoja muda mrefu, akiomba kuongezewa. Basi na wewe ongeza: elimu, haya na uaminifu, mpaka walio karibu nawe waione maana ya jina lako kabla ya kuiuliza.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wafanane na majina yao. Amin.